Wamaza: Umeme wa nani ni nafuu? Hesabu ya kufanya kabla ya kubadili

Kusini mwa jimbo la Maniema, kati ya Kasongo na Kabambare, hakuna nguzo ya SNEL inayofika mlangoni. Hata hivyo jamaa za Wamaza hununua umeme kila wiki: ndani ya mawe ya tochi, kwa mwenye kuchaji simu, kwa jirani mwenye jenereta, ao kwa muuzaji wa sola anayetoa kiti kwa mkopo. Kila mmoja ana bei yake na namna yake ya kuhesabu. Kwa hiyo wengi wanabadili kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kujua kama wamepata nafuu ao wameongeza mzigo.

Tofauti si ndogo. Jamaa inayolipa kidogo kidogo kila siku inaweza kuwa inalipa umeme mara kumi na zaidi ya bei ambayo ingelipa kwa njia nyingine. Na jamaa inayokimbilia mkopo wa sola bila kusoma masharti inaweza kujikuta bado inalipa deni la kiti ambacho batri yake imekwisha kufa.

Kwa nini nguzo hazifiki

Congo ina maji mengi ya kuzalisha umeme, lakini nyaya ni chache. Inga I ilianza kazi mwaka 1972 na Inga II mwaka 1982. Waya mkubwa unaotoka huko unapita zaidi ya kilometa 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi ya Katanga, mbali na Maniema. Upande wa mashariki, Bukavu na Goma zinapokea umeme wa SNEL kutoka mto Ruzizi, nayo Kalemie inategemea kituo cha Bendera. Katikati ya sehemu hizo, vijiji na senta za Kasongo na Kabambare vimebaki gizani.

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilimaliza enzi ya SNEL kuwa peke yake sokoni. Tangu hapo kampuni binafsi inaweza kuzalisha, kusafirisha na kuuza umeme ikiwa na kibali. Taasisi mbili zilitokana na sheria hiyo: ARE, inayosimamia sekta na kuchunguza bei, na ANSER, yenye kazi ya kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji.

Mjini Goma matunda ya sheria hiyo yalionekana haraka. Virunga Energies ilifungua kituo cha maji cha Matebe, huko Rutshuru, mwezi Desemba 2015. Nuru iliwasha kituo cha sola cha megawati 1.3 katika mtaa wa Ndosho mwanzoni mwa mwaka 2020. SOCODEE nayo ikaingia, na SNEL ikabaki. Katika baadhi ya avenyu, nguzo za kampuni mbili zinasimama upande kwa upande, na mwenye nyumba anachagua.

Kwa Maniema, habari kubwa ilikuja mwezi Julai 2023, wakati Nuru ilipotangaza kupata dola milioni 40 kwa miradi ya sola Goma, Bunia na Kindu. Lakini Kindu iko zaidi ya kilometa 200 kutoka Kasongo, na barabara kila mtu anaijua. Kwa Wamaza, ushindani wa leo ni kati ya mawe, jenereta na plaki.

Bei ndogo yenye umeme mdogo

Kosa la kwanza ni kulinganisha franka peke yake. Franka 500 za kuchaji simu zinaonekana kidogo, na kiti cha sola cha franka 300,000 kinaonekana mlima. Ila mnunuzi hanunui siku wala kifaa. Ananunua umeme, na umeme una kipimo chake kama mchele una kilo.

Kipimo hicho ni wati-saa. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa moja inakula wati-saa 5. Wati-saa 1,000 zinafanya kilowati-saa moja, ndiyo ile inayohesabiwa na kompteri za mjini. Balbu hiyo ya wati 5 ingewaka saa 200 kwa kilowati-saa moja, ni kusema zaidi ya mwezi mmoja kwa saa sita kila usiku.

Tuchukue bei za mfano, ambazo kila msomaji atabadilisha kwa bei za soko lake.

Batri ya simu kubwa ya siku hizi hubeba takriban wati-saa 15 hadi 19. Ikiwa kuichaji ni franka 500 na inapokea wati-saa 15, kilowati-saa moja inafikia franka 33,000 na zaidi. Simu ndogo ya vibonyezo hubeba wati-saa 4 tu. Ikiwa mwenye kuchaji anaomba bei moja kwa simu zote, mwenye simu ndogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila wati-saa.

Jiwe kubwa la tochi la aina ya bei ya chini hutoa kama wati-saa 6. Kwa franka 500 kila jiwe, kilowati-saa moja inapita franka 80,000. Mara nyingi huo ndio umeme wa bei kubwa kuliko wote katika kijiji, na ndio unaonunuliwa na wale wenye mfuko mdogo.

Sasa kiti cha sola. Plaki ya wati 50, katika siku ya jua zuri, inaweza kuipa nyumba wati-saa 150 hivi baada ya kutoa kinachopotea njiani na ndani ya batri. Kwa miaka mitatu hiyo ni kama kilowati-saa 164. Ikiwa kiti kimelipwa franka 300,000, kila kilowati-saa inagharimu chini ya franka 2,000. Hata batri ikibadilishwa mara moja katikati, bado ni mbali sana na franka 33,000.

Hesabu hiyo ina sharti moja: umeme utumike. Jamaa yenye balbu mbili na simu moja haitumii wati-saa 150 kwa siku. Kwao kiti kidogo cha wati 10 ao 20 kinaweza kutosha, na kununua kikubwa ni kuweka franka juu ya paa bila kazi.

Jenereta ya jirani

Katika senta nyingi za mashariki mwa Congo, mwenye jenereta huvuta nyaya hadi kwa majirani na kulipisha kwa balbu, kwa usiku ao kwa mwezi. Faida yake ni kwamba mteja hanunui mashine wala batri. Anaweza kuanza leo na kuacha kesho.

Ubaya uko ndani ya mafuta. Jenereta ndogo ya wati 950 haipunguzi ulaji wa esanse sawasawa na umeme inaoutoa. Hata ikiwasha balbu chache tu, inaweza kumaliza karibu nusu lita kwa saa. Tuseme nyumba kumi zina balbu mbili za wati 5 kila moja: jumla ni wati 100. Kwa saa tatu za jioni, mashine inakula lita moja na nusu na kutoa kilowati-saa 0.3 tu. Ikiwa lita ya esanse ni franka 5,000, hizo ni franka 7,500 za usiku mmoja, sawa na franka 25,000 kwa kilowati-saa, mbali na oili, plagi na jasho la fundi. Kila nyumba lazima itoe franka 750 kwa usiku ili mwenye mashine asipate hasara ya mafuta.

Kadiri wateja wanavyoongezeka kwenye mashine ileile, ndivyo gharama ya kila mmoja inavyoshuka, maana ulaji wa esanse hauongezeki kwa kiasi hichohicho. Ndiyo sababu jenereta inafaa zaidi kwa kinu, kwa mchomeleaji ao kwa ukumbi wa mpira kuliko kwa balbu mbili. Mwenye kutaka kujiunga aulize: nyumba ngapi zimeunganishwa? Mashine inawaka saa ngapi kwa saa ngapi? Esanse ikikosekana kwa sababu barabara imekatika wakati wa mvua, pesa ya mwezi inarudishwa ao inasogezwa?

Aangalie pia nyaya. Nyaya nyembamba zilizofungwa kwa nailoni juu ya mapaa ya nyasi zinaweza kuleta moto, na hasara hiyo haiandikwi kwenye bei ya balbu.

Sola kwa mkopo: lipa kila siku, lakini soma

Biashara ya sola ya kulipa kidogo kidogo imeenea mashariki mwa Congo kwa miaka kumi iliyopita. Kampuni kama Altech, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Wacongomani wawili waliokulia ukimbizini Tanzania, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, na Bboxx ni majina yanayojulikana. Mteja anatoa malipo ya kwanza, anapeleka kiti nyumbani, halafu analipa kwa siku, wiki ao mwezi, mara nyingi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Asipolipa, kiti kinajifunga. Akimaliza, kinafunguka na kuwa mali yake.

Hesabu yake inataka utulivu. Tuweke mfano wa jamaa inayotumia franka 5,000 kwa wiki: franka 2,000 za mawe manne ya tochi na franka 3,000 za kuchaji simu mara sita. Kwa mwaka ni franka 260,000.

Kiti cha franka 300,000 kikilipwa taslimu, kinarudisha pesa yake baada ya wiki 60. Kiti hichohicho kwa mkopo, tuseme, ni franka 50,000 za kuanzia na franka 700 kila siku kwa siku 600. Jumla inakuwa franka 470,000. Mkopo umeongeza franka 170,000, zaidi ya nusu ya bei ya taslimu, na pesa inarudi baada ya wiki 94.

Je, mkopo ni mbaya? Hapana. Franka 700 kwa siku ni karibu sawa na zile franka 5,000 za wiki ambazo jamaa ilikuwa inatumia tayari kwa mawe na chaji. Kwa mtu asiye na franka 300,000 mkononi, mkopo unamtoa kwenye umeme wa bei kubwa na kumwachia kifaa baada ya siku 600. Swali ni moja: kifaa kitakuwa bado kinafanya kazi siku ya 601?

Hapo ndipo garanti inakuwa sehemu ya bei. Kiti cha siku 600 chenye garanti ya mwaka mmoja kinamwacha mteja siku 235 analipa bila ulinzi. Batri za risasi, zile zinazofanana na za gari, zikitumiwa hadi kuisha kila usiku katika joto hufa mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ao mitatu. Batri za litiamu za aina ya fosfati ya chuma hudumu zaidi, ingawa bei yake ya kwanza iko juu. Kabla ya kusaini, mteja aulize batri ni ya aina gani, na garanti inaifunika ao inafunika plaki peke yake.

Njia ya tatu ipo: kununua taslimu kupitia likelemba ao mkopo wa chama cha AVEC. Ikiwa riba ya chama kwa muda wote haifikii ile tofauti ya franka 170,000, chama ni nafuu. Hasara yake ni kwamba kiti kikiharibika, hakuna kampuni inayongoja malipo na yenye sababu ya kuja kukitengeneza.

Maswali ya Wamaza ambayo Goma haiulizi

Kuna masharti ambayo mjini hayasumbui, lakini kusini mwa Maniema yanaweza kuvunja mkataba mzima.

La kwanza ni mtandao. Kiti kinachofunguliwa kwa kodi inayokuja kwa simu kinahitaji simu ishike mtandao. Ikiwa mlingoti wa simu umezimika wiki nzima, je, mteja anahesabiwa kuwa hakulipa? Je, anaweza kulipa mwezi mzima mbele? Gharama ya kutuma pesa ni ya nani?

La pili ni fundi. Mizigo mingi inafika kwa piki-piki na baiskeli. Garanti iliyoandikwa kwenye karatasi lakini yenye kumtaka mteja apeleke kifaa Kindu ao Bukavu ni garanti ya jina. Muulize muuzaji mahali kifaa kinapotengenezwa, nani analipa usafiri, na kama deni linasimama wakati kifaa kiko kwa fundi.

La tatu ni usalama. Jamaa za Kabambare na sehemu za Kasongo zimewahi kukimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja kwa sababu ya makundi yenye silaha. Plaki inaibiwa kwa urahisi. Mkataba unasema nini jamaa ikihama kwa vita ao kiti kikiporwa? Mahali ambapo mkataba unanyamaza, deni linabaki kwa mteja. Ni afadhali jibu liandikwe kabla ya kutoa malipo ya kwanza, mbele ya shahidi.

Vita vimeonyesha pia kwamba hata mji wenye wauzaji wengi hauko salama. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, sehemu kubwa ya mji ilikosa umeme na maji kwa siku kadhaa. Nyumba zilizokuwa na plaki ndogo juu ya paa ziliweza kuchaji simu na kupata habari za watu wao.

Namna ya kutambua plaki ya uongo

Masokoni kuna plaki zenye namba kubwa mgongoni na nguvu ndogo ndani. Kipimo cha kwanza ni mkono. Plaki nzuri ya siku hizi hutoa kama wati 200 kwa kila meta moja ya mraba. Kwa hiyo plaki ya wati 100 inapaswa kukaribia nusu meta ya mraba, kwa mfano meta moja kwa sentimeta 50. Plaki iliyo nusu ya hapo na kuandikwa wati 100 inasema uongo.

Kipimo cha pili ni mashine ya fundi ya kupima volti na ampeya, inayotumika juani saa sita mchana, si kivulini dukani. Kwa taa na viti vidogo, alama ya VeraSol inaonyesha kwamba aina hiyo ya kifaa imepimwa ubora wake. Alama hiyo nayo inaweza kuigwa, kwa hiyo bado garanti inahitajika.

Na kifaa kizuri kinaweza kuharibiwa na uwekaji mbaya. Wamaza iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo plaki iinamishwe kidogo kuangalia kaskazini, mbali na kivuli cha mwembe, na ifutwe vumbi wakati wa kiangazi. Katika miezi ya mvua, wakati mawingu yanafunika siku nzima, umeme utapungua. Muuzaji asiyesema hivyo anaficha sehemu ya bei.

Somo la kompteri za Goma

Hata mahali ambapo kuna kompteri, bei ya kilowati-saa haitoshi kuchagua. Jamaa za Goma zinapolinganisha SNEL, Virunga Energies, SOCODEE na Nuru, zinaangalia vitu vinne pamoja: bei ya kuunganishwa mara ya kwanza, bei ya kila kilowati-saa, saa ambazo umeme unapatikana kweli, na namna ya kulipa, kwa Cash Power ao kwa fakitire ya mwezi.

Bei ya chini yenye delestaji kila jioni inamrudisha mtu kwenye mawe ya tochi, na hivyo anajikuta analipa mara mbili. Bei ya juu kidogo yenye umeme usiokatika inaweza kuwa nafuu kwa mwenye friji ya samaki, na ikawa hasara kwa mwenye balbu mbili. Hakuna jibu moja kwa nyumba zote.

Kuna pia kitu ambacho hakuna kiti kidogo kinachokiweza: kupika. Katika nyumba nyingi za Wamaza nishati kubwa haiendi kwenye taa, inaenda jikoni, kwa kuni na makala. Kiti cha wati 50 hakichemshi sufuria ya maharagwe. Jamaa inayotaka kupunguza gharama yote ya nyumba iangalie pia mbabula yake: iliyozungushiwa udongo mzuri, yenye kushika joto, inapunguza makala bila waya wala mkopo.

Orodha ya kupeleka sokoni

Kabla ya kubadili, jamaa iandike kwa muda wa wiki nne kila franka iliyotoka kwa mawe, petroli ya koroboi, chaji na jenereta. Hiyo ndiyo bei ya leo. Halafu iandike inachohitaji: balbu ngapi, kwa saa ngapi, simu ngapi, redio ao televizyo.

Ikifika kwa muuzaji, iombe jumla yote ya malipo hadi mwisho, si franka za siku. Wati-saa ambazo kiti kinatoa kwa siku, si namba ya plaki peke yake. Aina ya batri. Muda wa garanti na mahali pa fundi. Na kinachotokea ikikosa kulipa, mtandao ukikatika ao ikilazimika kukimbia. Iende kwa wauzaji wawili ao watatu na majibu yaandikwe kwenye karatasi moja.

Mwezi Januari 2025, mjini Dar es Salaam, Congo ilikuwa kati ya nchi 12 za Afrika zilizoweka ahadi za kwanza katika mpango wa kuwapa umeme watu milioni 300 barani hadi mwaka 2030. Ahadi hiyo ikifika siku moja Wamaza kwa nguzo na kompteri, wenye mazoea ya kuuliza wati-saa, garanti na jumla ya malipo ndio watakaojua mara moja kama bei wanayoletewa ni nafuu.